Faili la Gari la Mkurugenzi

Siku ya mnada wanunuzi walipiga foleni kulitazama gari, lakini Taratibu akili yake ilikuwa kwenye faili tu. Gari alikuwa analijua. Aliliendesha miaka kumi na moja tangu likiwa jipya, akimshusha na kumpandisha mkurugenzi kwenye kila mlango wa maana mjini, na angeweza kukuambia akiwa amefumba macho ni kitasa kipi kinataka kuvutwa kwa upole. Lilikuwa gari la kifahari, jeusi, refu, lenye viti vya ngozi na vitufe vingi ambavyo hata mkurugenzi hakuwahi kujua vinafanya kazi gani. Sasa ofisi ilikuwa imeleta jipya, dereva naye amefikia umri wa kustaafu, na wote wawili, gari na dereva, waliondolewa kwenye orodha ya ofisi wiki ileile.

Jina la Taratibu alipewa na makarani. Hakuwahi kuzidisha mwendo, hakuwahi kupiga honi bila sababu, na hakuwahi kubadilisha hata balbu bila kujaza fomu. Faili la gari lile lilikuwa kazi ya mikono yake. Kila matengenezo yalikuwa na tarehe, kilomita, risiti iliyobandikwa kwa gundi pembe zote nne, na sahihi yake chini, iliyonyooka kama ya mwalimu. Ungelisoma faili lile ukatamani kuwa gari.

Ubaya wake ni mmoja tu, kwamba lilikuwa linasema uongo, na aliyelifundisha uongo ni yeye.

Tusimwonee lakini. Uongo wenyewe haukuwa mwingi. Katika miaka yote kumi na moja alikuwa na mistari mitatu tu. Mmoja ulisema springi nne za upepo, yaani ile mifuko ya mpira iliyojazwa hewa inayolibeba gari zima, zimebadilishwa zote. Hazikubadilishwa. Ziligeuka mabati, na mabati yalikuwa juu ya nyumba ya Taratibu, yakimeta kila jua linapotoka. Mstari wa pili ulisema giaboksi imefunguliwa na kufanyiwa ukarabati mkubwa, na ukarabati huo sasa ulikuwa vigae vya sebuleni. Wa tatu ulisema rejeta mpya na mabomba yake. Rejeta ile ndiyo geti la chuma lililokuwa likiwafanya majirani wapunguze mwendo wakipita.

Risiti zilitoka kwa Fundi Sikio, mwenye gereji, aliyeitwa hivyo kwa tabia yake ya kugusisha ncha ya bisibisi kwenye injini, kuweka mpini sikioni, na kusikiliza huku amefumba macho kama mtu anayepokea simu kutoka kwao. Fedha ya ofisi ilikwenda kwa Sikio, nusu ikarudi kwa Taratibu. Yeye hakuwahi kuliita jambo hilo wizi. Aliliita kujiongeza, tena kwa sauti ndogo, tena akiwa peke yake.

Kwa hiyo alikwenda mnadani kifua mbele. Wenzake walikuwa wananunua gizani, yeye ana taa. Alijua vitu vitatu ni vibovu na atavitengeneza polepole. Vingine vyote, pampu ya maji, alternata, mnyororo wa injini, diski za breki, vilibadilishwa kweli, kwa sababu mistari hiyo hakuila. Alikuwa analiacha gari gereji asubuhi, anakwenda kunywa chai, na jioni anakuta limekwisha, limeoshwa, risiti iko kwenye kiti.

Alichosahau ni kwamba hata watu wengine wanajua kusoma. Mwenye duka moja la dawa alikuwa amelipitia faili ukurasa kwa ukurasa, akampigia mkewe simu pale pale. "Springi zote nne mpya!" alisema. "Giaboksi imeshafanyiwa kazi. Dereva wake alikuwa mtu makini sana." Akapandisha bei. Taratibu, aliyesimama hatua mbili tu kutoka kwake, akapandisha. Yule akapandisha tena kwa sababu ya rejeta. Hivyo ndivyo Taratibu alivyojikuta akishindana na uongo wake mwenyewe mbele ya umati, na kila mstari alioutunga ulimuuma mfukoni. Alishinda. Kiinua mgongo chake karibu chote kilibaki pale pale mezani kwa dalali.

Mkewe aliitwa Mama Stoo, na mtaa mzima haukumjua kwa jina jingine. Alitunza stoo ya hospitali kwa miaka ishirini na sita na hapakupotea hata bandeji. Yeye alitaka kiinua mgongo kile kijenge duka dogo la vifaa vya shule mbele ya nyumba. Taratibu alimweleza kwamba gari litakodishwa kwa wageni wa heshima na maharusi, litaingiza fedha, na duka litakuja lenyewe. Mama Stoo alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mambo ya gari mimi siyajui," alisema. "Lakini wewe nakujua, baba watoto. Kama unasema ni zima, ni zima."

Alikuwa anamaanisha. Kwenye vikao vya wanawake wenzake, mazungumzo yalipofika kwenye waume, yeye alikuwa na wimbo mmoja: mume wangu amekaa na gari la mkurugenzi miaka kumi na moja, mafuta yanapita mikononi mwake, spea zinapita mikononi mwake, na hajawahi kurudi nyumbani na kitu kisicho chake. Wenzake walikuwa wanaguna kwa wivu. Taratibu alijua kuhusu wimbo huo. Kila alipousikia alijisikia vizuri, halafu akajisikia vibaya, halafu akaenda kuosha gari.

Asubuhi ya wiki ya pili waliamka wakakuta gari limelala. Tumbo liligusa chini, matairi yamezama ndani ya madigadi, na kwa mbali ungedhani limepiga magoti. Mama Stoo alishtuka. Taratibu hakushtuka, alikuwa anaisubiri siku hiyo. Alikoroga sabuni ya unga kwenye ndoo, akaingia chini ya gari baada ya kulinyanyua kwa jeki na kuliwekea magogo, akapaka povu kwa sifongo kwenye mifuko ya upepo, kisha akamwomba mkewe awashe injini. Povu likaanza kuchemka. Mfuko wa mbele kushoto ulikuwa na mipasuko kama kisigino cha mtu asiyevaa soksi.

"Lakini si ulisema gari ni zima?" Mama Stoo aliuliza kutoka kwenye usukani.

"Mpira hauna ahadi," alijibu kutoka chini, akashukuru kwamba uso wake hauonekani.

Alipata springi za mkono wa pili kwa mtu anayeuza vipuri vya magari yaliyopata ajali, na zilimaliza kile kidogo kilichobaki cha kiinua mgongo. Alizifunga mwenyewe, siku tatu, kwa spana za kuazima na video za simuni za fundi mmoja anayeongea lugha asiyoijua. Mama Stoo alimshikia tochi chini ya gari. Alipomaliza, aliziokota springi kuukuu akataka kuzitupa.

"Unazipeleka wapi?" Mama Stoo aliuliza.

"Jalalani."

"Hapana. Stoo yangu ilikuwa na sheria moja. Hupewi kipya mpaka ulete kibovu, na kibovu hakitupwi mpaka kiandikwe." Akazichukua, akazifuta kwa kitambaa, akazifungia vijikaratasi vyenye tarehe na maelezo, akazipanga kwenye rafu ya chumba cha nyuma. Taratibu aliona ni utani wa mtu aliyestaafu na kukosa kazi. Akacheka. Kicheko hicho angekuja kukijutia, lakini wakati huo kilikuwa kitamu.

Mwezi uliofuata, maji yalianza kudondoka chini ya injini. Rejeta, alijisemea, mstari wangu wa tatu. Akaingia chini tayari kwa ajili ya rejeta. Rejeta kweli ilikuwa imechoka, lakini maji hayakuwa yanatoka kwenye rejeta. Yalikuwa yanatoka kwenye pampu ya maji, ile iliyobadilishwa miaka mitatu iliyopita, kwenye mstari ambao yeye hakuugusa.

Taratibu alikaa chini ya gari muda mrefu, maji yakimdondokea kwenye fulana. Kisha akajinyanyua, hakubadilisha hata nguo, akaenda gereji kwa miguu.

Fundi Sikio alikuwa ameketi juu ya betri iliyokufa, akinywa chai.

"Pampu ya maji," Taratibu alisema.

"Imekufa?"

"Uliniambia uliibadilisha."

Sikio alipuliza chai yake. "Nilikuandikia kwamba niliibadilisha. Kukuambia, sidhani kama nilikuambia."

"Sikio, mimi nilikuwa na mistari mitatu! Mitatu tu! Hiyo mingine ilikuwa ya kweli!"

"Sasa, kaka," Sikio alisema kwa upole, kama mtu anayemweleza mgonjwa majibu ya vipimo, "wewe ulikuwa na mistari yako. Mimi sikuwa na familia?"

Taratibu alikuwa na hasira ya mtu aliyeibiwa, na hakujua aipeleke wapi, maana hakuna kituo cha polisi kinachopokea malalamiko ya namna hiyo. Jambo lililomuuma zaidi si pampu. Ni kwamba siku zote alimhesabu Sikio kuwa mtu mwaminifu kwenye ile sehemu iliyobaki.

"Alternata?" aliuliza.

"Ya kiwandani."

"Mnyororo wa injini?"

Sikio alitazama pembeni. "Injini ile, kaka, haijawahi kuguswa na mkono wa binadamu. Nimeisikiliza mara nyingi. Ni injini nzuri sana."

Mwishowe walipatana, kwa sababu hakuna mmoja aliyeweza kumshitaki mwenzake. Sikio alikubali kufanya kazi zote nzito kwa nusu ya malipo ya ufundi. "Tulikuwa tunagawana nusu kwa nusu," alisema, "basi na hasara tugawane." Alidhani ametoa shauri la busara.

Ikaanza miezi ambayo nyumba ilikuwa inahamia kwenye gari kidogo kidogo. Mama Stoo ndiye aliyetoa wazo la kwanza, kwa moyo mweupe kabisa. "Geti la nini?" alisema. "Tuna kitu gani cha kuibiwa? Tuliuze, ununue hiyo rejeta na pampu." Taratibu alisimama akilitazama geti likipakiwa kwenye mkokoteni. Lilikuwa rejeta kwenye karatasi likawa geti, na sasa geti linarudi kuwa rejeta, safari hii ya kweli, tena ya mkono wa pili. Alternata iliondoka na kabati la vyombo. Mnyororo wa injini uliondoka na friji. Zamu ya giaboksi ilipofika, yaliuzwa makochi yote, na Taratibu alikaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya sebule tupu, akivitazama vigae vinavyong'aa. Vigae havikubanduka. Alijaribu kimoja kwa ncha ya bisibisi, kikapasuka.

Kila kifaa kilichotoka kilipita kwa Mama Stoo. Alikipokea, akakifuta, akakiandika, akakipanga. Giaboksi kuukuu haikuingia kwenye rafu, ikawekwa sakafuni chini yake, na kijikaratasi chake kikaning'inia kama cha maiti.

Na gari lilipona, hilo lisemwe wazi. Mkononi mwa mtu mwenye subira, kwa spea za magari yaliyopinduka, kwa ndoo za sabuni na spana za kuazima, lilirudi kuwa gari. Asubuhi lilisimama wima. Giaboksi ilibadilisha gia bila kushtua. Taa za hatari kwenye dashibodi, zilizokuwa zimewaka nyingi mpaka Mama Stoo akaziita mapambo, zilizimika moja baada ya moja. Taratibu alijisikia fahari ambayo hakuwahi kuipata alipokuwa analiendesha kwa mshahara. Kwa mara ya kwanza, kila alichosema kimefungwa kilikuwa kimefungwa kweli.

Akapatikana mteja. Mwenye kampuni ya kukodisha magari ya harusi alitaka kulichukua kwa mkataba wa mwaka mzima, ila aliomba kwanza aone historia ya matengenezo. "Hilo niachie mimi," Mama Stoo alisema. "Mambo ya karatasi ni yangu." Akatoa faili kwenye droo, akachukua daftari lake la rafu, akaingia chumba cha nyuma kuviweka viwili hivyo pamoja, kama alivyofanya kila mwisho wa mwezi kwa miaka ishirini na sita.

Taratibu alikuwa anapiga pasi shati. Mkewe alitoka akiwa ameshika pampu ya maji mkono mmoja na faili mkono wa pili.

"Baba watoto. Kwenye faili pampu hii ilifungwa mpya miaka mitatu iliyopita."

"Ndiyo."

"Hapa kwenye chuma pamepigwa chapa ya mwaka. Ni mwaka uleule lilipotengenezwa gari." Akaiweka pampu chini. "Nimeangalia alternata, hivyo hivyo. Springi, hivyo hivyo. Giaboksi, ile rangi ya kiwandani iliyopakwa juu ya boliti haijapasuka hata moja. Haikuwahi kufunguliwa! Unaelewa maana yake? Yule Sikio alikuwa anawaibia. Anakuletea risiti, wewe kwa uaminifu wako unasaini, na yeye anakula vyote peke yake!"

Taratibu aliacha pasi juu ya shati. Neno "peke yake" lilimfanya karibu apinge.

"Tumwachie Mungu," alisema.

"Mungu hakusaini hapa. Umesaini wewe! Kila ukurasa una jina lako. Siku wakija kugundua, watasema ni nani? Watasema ni wewe, na mimi sitakubali jina lako lichafuliwe na mtu anayeongea na bisibisi. Kesho saa tatu tunakwenda kwa mkaguzi wa ofisi yenu. Tunabeba kila kitu."

Alijaribu kila njia. Alisema mkaguzi ana kazi nyingi. Alisema Sikio ana watoto. Alisema tumbo linamuuma, na hilo lilikuwa kweli. Mama Stoo alimshika mkono. "Wewe ni mpole mno," alisema, "ndiyo maana watu wanakuonea." Taratibu akatoka nje, akasimama mahali palipokuwa na geti, akashika kichwa.

Asubuhi yake Mama Stoo alivaa gauni lake la kustaafia, akapanga vyuma vyote nyuma ya gari, isipokuwa giaboksi iliyowashinda kunyanyua, kila kimoja na kijikaratasi chake. Akakaa kiti cha mbele, faili mapajani.

Taratibu aliwasha gari huku akiomba lisiwake. Kwa miezi saba gari lile lilimwaibisha sokoni, likamlaza njiani, likamfanya asukumwe na wanafunzi. Alikuwa haombi kitu kikubwa, ni aibu moja zaidi tu. Likawaka kwa mguso mmoja.

Aliwasha kiyoyozi mpaka mwisho, akitumaini injini ichemke. Mshale wa joto ulisimama katikati na kubaki hapo. Alilipitisha kwenye shimo kubwa ambalo angelikwepa hata akiwa amelala, na zile springi zake nzuri, kazi ya siku tatu, zikalimeza shimo bila mtu kuguswa. Kwenye mlima alikanyaga mafuta kwa pupa kama mwizi. Giaboksi ilimjibu kwa adabu.

"Mikono yako ni ya dhahabu," Mama Stoo alisema, akimwekea kiganja begani. "Ungesema hata ni jipya."

Mlinzi wa ofisi alilitambua gari, akafungua geti na kupiga saluti. Taratibu aliegesha mahali palepale alipoegesha kwa miaka kumi na moja. Mama Stoo alishika kitasa.

"Usishuke," Taratibu alisema. "Mama watoto, usishuke kwanza."

"Kuna nini?"

"Zile springi ni mabati."

Mkewe alimtazama kana kwamba ameugua ghafla. "Springi gani ni mabati?"

"Zilizoandikwa humo. Hazikununuliwa. Tulinunua mabati ya nyumba. Fedha tuligawana mimi na Sikio. Vigae ni giaboksi. Geti lilikuwa rejeta." Alikuwa anaongea akiutazama usukani. "Hivyo vitatu nilivijua. Hivyo vingine Sikio alinizunguka, lakini hivyo vitatu ni vyangu."

Mama Stoo alifungua mkoba, akatoa kalamu, akafungua faili ukurasa wa kwanza. Akaanza kusoma mstari mmoja mmoja, kwa sauti ya stoo, na baada ya kila mmoja akangoja. Taratibu akajibu. Uongo wangu. Uongo wa Sikio. Wa Sikio. Wangu. Wa Sikio. Kalamu ilikuwa inakata na kusonga.

"Humu ndani," aliuliza walipofika ukurasa wa mwisho, "kuna hata kimoja cha kweli?"

Taratibu alifikiri kwa bidii. "Wipa."

"Wipa zipi?"

"Za mbele. Hizo nilizifunga mwenyewe."

Mama Stoo aliinua macho akazitazama wipa kwenye kioo. "Kwa hiyo wimbo wote nilioimba kwa wanawake wenzangu miaka kumi na moja," alisema, "nilikuwa nasifia wipa."

Kabla Taratibu hajajibu, kioo cha upande wa Mama Stoo kiligongwa. Alikuwa mkaguzi mwenyewe, mwanamke mfupi wa miwani ambaye madereva walikuwa wakimwona kwa mbali wanakumbuka wana safari. Alikuwa anatabasamu.

"Mzee Taratibu! Nimeliona gari dirishani nikasema haiwezekani. Limekuwa zuri kuliko tulivyokuuzia!" Akainama kumsalimia Mama Stoo. "Shikamoo mama. Huyu mzee wako ametuachia pengo. Lile faili lake tulilitolea nakala. Kila dereva mpya anayeajiriwa hapa, mimi mwenyewe namkalisha chini nalo, namwambia, hivi ndivyo gari la umma linavyotunzwa."

Taratibu alihisi jasho likimshuka ndani ya lile shati lenye alama ya pasi.

"Marahaba, mwanangu," Mama Stoo alisema. Kiganja chake kilikuwa kimelifunika faili mapajani. "Kwa maandishi, mume wangu hana mpinzani."

"Na vile vyuma vyote huko nyuma? Mlikuja kwa shida gani, mama? Nikusaidie?"

Hapo ndipo Taratibu alipofumba macho. Swali lilikuwa limewekwa mezani, na aliyeulizwa alikuwa mtu ambaye hakuwahi kusaini kitu asichokiona. Pensheni, jina, nyumba na paa lake, vyote vilikuwa kwenye mdomo wa mkewe.

"Chuma chakavu tu," Mama Stoo alisema, akicheka kidogo. "Tunakwenda kuuza. Tukasema tusipite bila kusalimia."

Mkaguzi aliwashukuru kwa moyo huo, akawatakia safari njema, akarudi ndani. Walimtazama mpaka mlango ukafungwa.

"Miaka ishirini na sita," Mama Stoo alisema, "sijawahi kusema kitu kipo wakati hakipo. Leo nimesema, na nimetabasamu juu yake." Aligeuka kumtazama. "Usinizoeshe, baba watoto."

Taratibu alilia. Alilia wazi, mzee mzima, mikono kwenye usukani, mbele ya mlinzi wa geti. Mabati, vigae na geti alikuwa amevijutia tangu zamani kwa namna yake, lakini alikuwa hajajua kwamba siku moja atamfanya mwanamke huyu adanganye. Hilo halikuwa na spea ya mkono wa pili popote.

Mama Stoo alimwacha alie mpaka akamaliza. Kisha akaweka kalamu juu ya karatasi.

"Chumba tunacholala," aliuliza. "Kile ni kifaa gani?"

"Kile ni mshahara," Taratibu alisema haraka. "Kila tofali la kile chumba ni mshahara wangu. Nilikuwa nanunua matofali kumi kumi, hukumbuki? Kile ni halali, naapa."

Na ilikuwa kweli. Kilikuwa chumba cha kwanza kujengwa, kabla hajamjua Sikio, kabla hata gari lile halijanunuliwa. Alikuwa na furaha kidogo kwamba ameulizwa hicho.

Mama Stoo alimtazama usoni kwa muda mrefu, akipitisha macho kila mahali, jinsi alivyokuwa akiwatazama wauguzi waliomwambia kwamba katoni ilifika ikiwa nusu. Alikuwa anataka kumwamini, hilo Taratibu aliliona waziwazi, na aliona pia mahali imani hiyo ilipokwama.

"Sawa," alisema, akainamia faili. "Nitaandika kama ulivyosema."